Chakula cha Ndege wa Sharifo

Kulow alikuwa mtu wa ngamia, na mtu wa ngamia ukimletea habari za ndege anakutazama kama umepungukiwa na kitu kichwani. Ndege ana faida gani? Hakamuliwi, habebeshwi maji, na ukimchinja hatoshi kujaza kiganja. Kwa hiyo siku binti yao Naimo alipoteremka Garissa kutoka Nairobi na tundu la waya lenye kasuku wawili wadogo, mmoja wa manjano na mwingine wa kijani, Kulow aliuliza swali moja tu, kwamba viumbe hao watakula nini. Mkewe Sharifo akamjibu kwamba hilo halimhusu. Naimo alikuwa anaolewa Mandera mwezi ule, na hakutaka kumwachia mama yake nyumba iliyonyamaza. Kulow hakukerwa na jibu lile hata kidogo. Aliona ni kweli, halimhusu, na akalishika hivyo kwa miaka.

Sharifo aliwapa ndege wake majina ya mahali. Yule wa manjano alimwita Hadado, kwa kuwa rangi yake ilikuwa ileile ya nyasi kavu za Hadado, kule Wajir alikozaliwa. Wa kijani akamwita Masalani, kwa sababu Masalani alifika mara moja tu maishani mwake, msimu wa mvua, akaona mashamba ya kando ya Tana yalivyonawiri, na macho yake hayakusahau. Kila asubuhi, Kulow akiwa ameketi barazani na chai yake, alisikia kisu kinagonga ubao jikoni, tak tak tak, na kabla hata chakula hakijatoka wale ndege walikwisha kuanza kelele zao. Walikijua kile kisu. Wakisikia kisu kingine, cha nyama, hawakujisumbua.

Kulow alipenda kuwachekesha wenzake kwa habari hiyo. Pale kwenye mabenchi ya chai aliwaambia kwamba korongo wa Garissa nzima wanajitafutia jalalani, lakini kwake kuna wageni wawili wanaokatiwa mboga, wanachemshiwa yai, na hawana mpango wa kurudi kwao. Wenzake walicheka, na yeye alicheka zaidi, na hakuna aliyejua, wala yeye mwenyewe hakukiri moyoni, kwamba zile kelele za asubuhi ndizo zilizomfanya aicheleweshe makusudi safari yake ya soko la mifugo. Alimpenda sana mkewe. Hakuwahi kumwambia, na haikumjia akilini kwamba ni jambo la kuambiwa.

Jikoni hakuingia. Isemwe mapema ili asichekwe bure: mwanaume wa umri wake, wa watu wake, hafiki zaidi ya mlango wa jiko, na hapo husimama nje akiomba chai. Hakuwa mkali wala mwenye majivuno. Ndivyo alivyolelewa, na mtaani kwao hakuna aliyewahi kumwona ana kasoro. Alichokijua kuhusu chakula cha ndege ni kile alichokiona kwa mbali, sahani ndogo yenye vitu vilivyokatwa vidogo mno, vya kijani, vya rangi ya karoti, vyeupe na vya manjano. Yai alilijua vizuri, kwa kuwa asubuhi moja aliuliza yai lake liko wapi akaambiwa Hadado amelitangulia.

Aliyekijua chakula kile, ukimwacha Sharifo, ni jirani yao mwalimu Gacheri, mwanamke wa Meru aliyepangiwa shule ya msingi ya pale mtaani na ambaye, tofauti na wenzake wengi wa bara, hakuomba uhamisho. Jumamosi alikuja na simu yake, akamsomea Sharifo mambo ya ndege, wakajaribu hiki na kile. Kulow aliwasikia ukutani wakicheka, Kiswahili cha Meru na Kisomali cha Wajir vikichanganyika, na akajiuliza ni kitu gani cha kuwachekesha hivyo wanawake wawili wazima juu ya bakuli la mboga. Hakuuliza.

Kisha Sharifo akaugua. Ugonjwa ulimwingia miguuni, ikavimba, ukapanda kifuani. Daktari alimkataza chumvi, na chumvi ikatolewa jikoni kabisa, nyumba nzima wakala chapwa kwa ajili yake. Hata siku za mwisho aliagiza stuli yake iwekwe karibu na ubao, akakata mboga za ndege kwa mikono inayotetemeka. Alipolazwa, ni Gacheri aliyewalisha mpaka aliporuhusiwa kurudi. Na alirudi ili afie nyumbani, jambo ambalo Kulow alilielewa kabla ya mtu yeyote kulisema.

Alimwita asubuhi moja, akamwambia asogee. Kulow alidhani anataka maji. Sharifo akasema, "Kulow, ndege wangu wasilale njaa. Nakuachia wewe. Si Saynab mpwa wako, si Naimo. Wewe."

Kwa Wasomali maneno ya namna hiyo yana jina lake, dardaaran, wasia wa mtu anayeondoka, na asiyeutimiza hana uso wa kuwatazama watu, sembuse kumtazama Mola wake. Kulow akasema ndiyo. Angeambiwa aubebe mto Tana mgongoni siku ile, angesema ndiyo. Sharifo alifariki kabla ya adhuhuri, na alasiri akawa amezikwa, maana maiti haicheleweshwi. Naimo alifika baada ya kaburi kufunikwa, akalia akiwa na mtoto mgongoni, akakaa siku za matanga, akarudi kwa mumewe.

Watu walikuja na sukari na dua, wakaondoka. Saynab, mtoto wa dada yake Kulow, aliyekuwa akikaa mtaa wa pili, akawa anamletea mjomba wake chakula kila siku. Saynab alikuwa na roho nzuri na mdomo mwepesi. Akashauri ndege wapelekwe kwa mtoto wa fulani, au waachwe wale wali kama kuku. Mjomba wake akamtazama hadi akanyamaza. Mwalimu Gacheri naye alikuja kutoa pole, akaketi upande wa wanawake, na alipotoka alimwambia Saynab amfikishie mzee salamu, kwamba yeye yupo, akihitaji lolote. Saynab akazifikisha. Kulow akazipokea kama zinavyopokewa salamu za msibani, kwa kutikisa kichwa.

Ndege walikuwa wamenyamaza. Walikaa kwenye kijiti chao, bega kwa bega, wakidonoa mtama kidogo aliowamwagia, na hawakutoa sauti. Kulow aliona aibu mbele yao. Ndipo asubuhi moja, baada ya kuhakikisha mlango wa mbele umefungwa, akapiga moyo konde akaingia jikoni.

Alisimama katikati ya jiko lake mwenyewe kama mgeni. Hakujua sufuria ndogo iko wapi, wala kibiriti. Alichemsha yai mpaka maji yakakauka na ganda likapasuka. Alikata sukuma wiki kwa kisu cha kuchinjia, vipande vikubwa vya kumtosha mbuzi, akavitazama, akavikata tena. Karoti ilimtoroka mara mbili ikaviringika hadi chini ya kabati, naye mzee mzima akaifuata kwa magoti. Mwishowe akakiona kile kisu chembamba cha Sharifo kimechomekwa nyuma ya ubao. Akakishika, akaanza, tak tak tak.

Kule kwenye tundu, Hadado akaitika. Kisha Masalani. Kisha wote wawili kwa pamoja, kelele zile zile, kama vile hakuna kilichotokea, kama vile anayekata ni mwenye kisu. Kulow akaketi juu ya stuli ya mkewe na kisu mkononi, akalia. Hakuwa amelia makaburini, kwa kuwa palikuwa na watu. Alilia pale, kwa sauti, na ndege waliendelea kumpigia kelele wakidai chakula chao.

Tangu siku ile akawa na kazi. Alifunga mlango, akachemsha, akakata, akakuna. Vidole vyake vilijaa mikato midogo, na Saynab alipoiona akadai kuitazama kwa karibu, akaambiwa ni waya wa ua. Ndege walikula, si vizuri sana, lakini walikula. Mzee akaanza kulala. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alijisikia kuwa ana kitu anachomfanyia mkewe, na pengine kitu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kumfanyia akiwa hai. Wazo hilo lilimchoma, lakini halikumzuia.

Ila manyoya yalianza kuanguka. Kila asubuhi chini ya tundu palikuwa na manyoya ya manjano na ya kijani, na ndege wakawa wananyong'onyea, wanajikunja, wanakidonoa chakula na kukiacha. Kulow alikata vidogo zaidi. Akabadilisha mboga, akaleta mchicha kutoka mashamba ya mtoni. Haikusaidia. Akawa anaamka na roho mkononi, anakwenda kuwatazama kabla ya kutawadha.

Alijua wa kumuuliza. Hakuna aliyehitaji kumwambia. Asubuhi moja alikichukua kile kibakuli cha chakula alichokitengeneza, akakiweka chini ya shuka lake la begani, akavuka barabara kuelekea kwa mwalimu Gacheri ili amwonyeshe, aseme ni nini kimekosekana. Alifika langoni. Mkono wake ulikwisha kuinuka kubisha. Upande wa pili wa njia, kwenye benchi la chai, walikuwepo wenzake wote wa miaka yote, na Siyad, mwenye ulimi kuliko wote, akapaza sauti akauliza, "Kulow, umebeba nini kwa mwalimu?"

Hakuwa na ubaya wowote, Siyad. Alitaka kumtoa rafiki yake upweke. Lakini Kulow alijiona kama wanavyomwona wao: mjane mzee, kwenye lango la mwanamke anayeishi peke yake, na chini ya shuka kuna bakuli la mboga alizozikata yeye mwenyewe. Akashusha mkono. Akasema anapita tu, anaelekea msikitini. Saa ile hakukuwa na swala yoyote, na kila mtu pale alilijua hilo, na kwa heshima ya msiba hakuna aliyelisema. Akaenda msikitini kweli, akakaa na bakuli lake kivulini nje ya ukuta, kisha akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Akajiambia kesho atatoka mapema, kabla ya mabenchi kujaa. Kesho yake shule zilifungwa, na mwalimu akawa amepanda basi la kwenda kwao Meru.

Angeweza kumtuma Saynab ampigie simu. Alilifikiria jambo hilo. Lakini angemwambia Saynab nini, na habari hiyo ingefika wapi kabla ya jua kuzama? Akaona heri atumie akili yake mwenyewe, akili iliyolea makundi ya ngamia katika ukame ambao vijana wa leo wanausikia kwenye redio tu. Mnyama ni mnyama, akajiambia. Akaketi mbele ya tundu na kuwachunguza ndege wale jinsi anavyomchunguza ngamia. Manyoya yanapukutika. Hamu ya kula imepotea. Wananyong'onyea. Na hapo akajipiga paja, kwa kuwa dalili hizo alizijua tangu hajaota ndevu.

Walikosa chumvi.

Mtu asiyefuga ngamia hawezi kujua uzito wa jambo hili. Ngamia aliyekosa chumvi hunyauka huku amesimama katikati ya majani. Ndiyo maana wachungaji wa Wajir huhama mwendo mrefu na makundi yao kwenda kwenye visima vya maji ya chumvi, na ndiyo maana Kulow, hata baada ya kuacha kuchunga na kuwa mtu wa soko, bado alikuwa na nusu gunia la chumvi ya ngamia stoo, ile ya mabonge mekundu-mekundu. Akaonja chakula alichokuwa akiwapa. Chapwa kabisa. Akakumbuka kwamba Sharifo alikatazwa chumvi na jiko zima likaachishwa chumvi, na akaona ndiyo hiyo, wale viumbe wamekuwa na njaa ya chumvi tangu wakati ule, na mgonjwa wa watu hakuwa na nguvu ya kugundua. Alifurahi kama mtu aliyeipata njia baada ya kupotea. Katika jiko lile alilokuwa akibabaika, hatimaye palikuwa na kitu anachokijua kuliko yeyote.

Akavunja bonge, akalisaga likawa unga, akalichanganya na yai lililopondwa na mboga. Ndege walikula, kwa kuwa yai walilipenda. Kisha wakanywa maji. Wakanywa, wakarudi, wakanywa tena, kikombe chao kikakauka akakijaza. Kulow alisimama pale akitabasamu. Ngamia naye akishapewa chumvi hunywa hivyohivyo, kwa pupa, na mchungaji akiona anakunywa hushukuru, anajua uhai umemrudia. Saynab alipoleta chakula, mjomba wake alimwita aje aone. Tangu mazishi Saynab hakuwa amemwona akiwa na uso ule, na akafurahi naye.

Aliendelea nao hivyo, na waliendelea kunywa. Asubuhi moja alimkuta Hadado chini ya tundu, amelala ubavu, miguu imekunjamana.

Kulow alikwisha kuona mifugo ikifa, kundi zima limetapakaa njiani na fisi wameshiba hawawezi kukimbia, na hakudondosha chozi, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Ndege yule wa manjano alimshika kiganjani. Alikuwa mwepesi kupita kiasi. Mzee aliketi chini kwenye saruji, akamwomba Sharifo msamaha kwa Kisomali, polepole, kama anayezungumza na mtu aliye chumba cha pili. Akamzika chini ya mwarobaini wa uani. Na akajilaumu kwa kosa aliloliona yeye: kwamba alichelewa kuwapa chumvi. Basi kwa Masalani hatachelewa. Akamwongezea.

Gacheri alirudi shule zilipokaribia kufunguliwa. Hakungoja tena kuitwa. Alimpitia Saynab ili aingie na mwenzake, mlango ukaachwa wazi kama inavyostahili, naye akaingia na mfuko wa karoti za Meru zenye udongo bado, alizowachagulia ndege shambani kwa mama yake. Alimwamkia mzee, akauliza habari, na macho yake yakaenda kwenye tundu. Masalani alikuwa chini, kando ya kikombe cha maji, amevimba manyoya. Alijaribu kusimama, miguu ikateleza. Akachovya mdomo majini, akanywa.

Gacheri akauliza Hadado yuko wapi. Kulow akamweleza. Akauliza huyu anakula nini, na mzee, mbele ya mpwa wake na mbele ya mlango ulio wazi, akaenda jikoni mwenyewe akatoka na kibakuli mikononi. Hakukificha safari hii. Kilikuwa kimetengenezwa vizuri. Mboga zilikuwa zimekatwa ndogo na sawasawa kama za Sharifo, na mtu yeyote aliyejua mikono ile imetoka wapi angeona jinsi ilivyojitahidi. Gacheri alikipokea kwa mikono miwili, akakisifu, akaonja kwa ncha ya kidole.

Hakusema kitu. Akakiweka kibakuli mbali, juu ya dirisha, akaomba maji safi. Akamtoa Masalani tunduni, akamfunika kwa ncha ya leso yake, akawa anamdondoshea maji tone kwa tone, kisha anapumzika, kisha tena. Saynab alitaka kumwita afisa wa mifugo, wakakubaliana kwamba yule anajua mbuzi tu. Kulow alisimama mlangoni. Adhana ya alasiri ilipoisha, Gacheri aliacha kudondosha maji. Alibaki ameishikilia leso ile magotini, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Kulow akasema, "Mwalimu, wewe ulionja chakula yangu. Kisha ukanyamaza."

Gacheri akasema kwamba ndege wale walikuwa wamezeeka, tena walikuwa na majonzi, na majonzi huua ndege. Alisema bila kumtazama.

"Mimi nimeuza ngamia maisha yangu yote," Kulow akasema. "Mtu akificha kitu, mimi naona. Ni chumvi?"

Saynab akafumba macho. Gacheri akainamisha kichwa, akajibu kwa sauti ndogo, "Ni chumvi, mzee. Ndege hawa hawaiwezi. Hata kidogo."

"Ngamia bila chumvi inakufa."

"Najua, mzee."

"Mimi nilimpa kama dawa." Aliitazama mikono yake, yenye mikato ya kisu isiyopona. "Huyu wa kwanza alikufa, nikasema nilimpa kidogo. Nikaongeza."

Maumivu yaliyokuwa usoni pa mjomba wake, Saynab hakuwahi kuyaona hata siku ya mazishi, akageuka akatazama uani. Mzee alikaa chini kwenye mkeka, taratibu. Kisha akauliza kama Sharifo alijua habari hii ya chumvi, na Gacheri akasema alijua, alikuwa mwangalifu sana nayo. Akauliza kwa nini basi hakumwambia. Lilikuwa swali la mtu aliyeonewa, na Gacheri alilisikia hivyo, naye machozi yakaanza kumtoka.

"Nilimwambia, mzee," akasema. "Kule hospitali nilimwambia, Mama Naimo, mfundishe mzee mapema. Akacheka. Akasema, huyu wangu hajawahi kuingia jikoni, lakini kwa ajili yangu ataingia. Na kitu kikimshinda atakuja kukuuliza. Akaniambia nisikuwahi, nisikuaibishe, atakuja mwenyewe." Akajifuta kwa kiganja, kwa kuwa leso ilikuwa na ndege. "Nikangoja. Wiki nzima kabla ya kwenda Meru nilikuwa nakungoja."

Kulow hakusogea. Alimwona Sharifo kitandani hospitalini, akicheka juu yake, akimwamini kwa jambo ambalo hata yeye hakujua kama angeliweza. Aliliweza. Alivuka barabara, akafika langoni, mkono wake ukainuka, na yule aliyekuwa akimngoja alikuwa upande wa pili wa bati la lango, hatua chache tu.

"Nilikuja," akasema. "Mbaka lango yako. Nilikuwa na bakuli."

Gacheri akamkazia macho, na polepole akaelewa, akaziba mdomo kwa mkono.

Nje watu walikuwa wanatoka msikitini, wanaagana barabarani, na kwenye mabenchi mtu alikuwa anagonga glasi akidai chai. Tundu lilikuwa wazi na ndani hamna kitu. Kulow alichukua leso kutoka magotini mwa mwalimu, akaiweka juu ya mkeka mbele yake, akaikunja vizuri pembe zote, kisha akaketi wima kama mtu aliyekuja kwa shughuli maalumu.

"Sasa nakuuliza," akasema. "Niambie. Yote, kama Sharifo alivyofanya."

Saynab akamwita, mjomba, kwa sauti ya kumsihi aache, kwamba ya nini sasa. Hakugeuka. Gacheri akamtazama yule mzee akaona kwamba anangoja kweli. Akaanza. Alisema kwanza unaosha mikono, sabuni iishe kabisa. Mtama unaulowesha tangu jana yake, unamwaga maji, unaosha tena mpaka maji yawe meupe. Yai unalichemsha liive hadi ndani, ganda hulitupi, unalisaga. Sukuma wiki unatoa ule uti wa katikati. Karoti unaikuna upande wa matundu madogo. Mafuta hapana, sukari hapana. Alipoitaja chumvi, Kulow akamalizia yeye mwenyewe, hapana, akatikisa kichwa ili aendelee.

Alirudia kila neno kwa midomo baada yake, vidole vikihesabu juu ya goti. Mwalimu alipomaliza, mzee akasema pale penye mtama hakushika vizuri. Akamwomba aanze tena.